Kioo cha Tundu la Arobaini na Moja

Neema alinipigia simu nikiwa nyuma ya nyumba napukuchua mahindi. Neema ndiye binti aliyechukua meza yangu ya maabara nilipostaafu miaka miwili iliyopita. Akasema shikamoo mama, nimefungua kile kisanduku chako cha slaidi, kila kioo kina jina isipokuwa kimoja, kiko tundu la arobaini na moja. Nikitupe? Nikamwambia asubiri kwanza. Akasema, lakini mama, seli zake ni nzuri kuliko zote, ngoja nikutumie picha. Nilitaka kumwambia asitume. Kabla sijafungua mdomo, ujumbe ulikuwa umeshaingia.

Siku hizi mnaweka simu juu ya hadubini na mnapiga picha kwa sekunde moja. Sisi tulichora kwa penseli mpaka shingo zikakakamaa. Nikafuta vumbi la mahindi kwenye vidole nikaifungua picha. Nilizijua papo hapo. Seli mbili zilizoegemeana kwenye kona, moja imekunja ukingo wake kidogo. Zilikuwa palepale nilipoziacha, na rangi yake ya bluu haikuwa imefifia hata kidogo.

Kwa simu nilimjibu Neema maneno matatu tu: usikitupe, usikiguse, nakuja. Jibu lenyewe ni refu zaidi ya hapo, na halikuhusu wewe Neema peke yako. Linawahusu wote mnaoanza kazi ya kutunza maabara za shule na mnaodhani kazi yetu ni kuosha birika na kuhesabu vibanio. Nawaandikia kosa langu kubwa kuliko yote. Madogo nitayataja njiani.

Nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na mbili, mwanzo Mbulu nilikozaliwa, baadaye Hanang, katika sekondari moja isiyo mbali na Katesh. Wanafunzi waliniita Mwalimu ingawa sikuwahi kuwa mwalimu. Nina hasira za karibu. Mtu akiwaambia kwamba Mama Tekla alikuwa mpole, jueni huyo hakuwahi kuvunja kioo changu.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Mbulu, Mzee Lohay, mtu mwembamba asiyecheka, ambaye alivaa koti jeupe hata siku ya gulio. Siku yangu ya kwanza alinipa kitunguu na wembe, nikaanza kukikatakata kama cha mchuzi. Akaninyang'anya. Kitunguu cha hadubini unakigawa pande nne, unachukua gamba moja nono, unalivunja kuelekea nje taratibu, na ile ngozi nyembamba ya upande wa ndani inabaki ikining'inia. Hiyo ndiyo unaitandaza kwenye tone la maji juu ya kioo. Unatia aidini kidogo, halafu unashusha kile kioo chembamba cha juu kwa mshazari, upande mmoja kwanza, ili hewa itoke. Mimi nilikibwaga chote kwa mpigo. Nikaona miviringo saba ya kupendeza, nikaichora yote na kuiandikia majina ya sehemu za seli. Mzee Lohay aliangalia mchoro wangu kwa muda mrefu, akasema nimechora viputo vya hewa na nimevibatiza.

Mara ya pili nilichora nywele ndefu nyeusi zinazotoka juu ya seli. Akaniambia hizo ni kope zangu. Kisha akanifundisha jambo ambalo nimewafundisha wengine wote baada yake. Alisema, ukikaa dirisha likiwa nyuma ya bega lako, kuna siku utachungulia na kukuta jicho linakutazama kutoka ndani. Usishtuke, ni lako, limejirudia kwenye lenzi. Geuza kiti.

Jioni moja alinitoa nje mpaka kwenye shamba la shule. Mahindi yalikuwa yamevunwa, mabua yamebaki, makavu, yakipiga kelele kwenye upepo. Akaniuliza kama bua lile ni hai. Nikasema limekufa tangu mwezi wa saba. Akasema, basi mbona limesimama? Ndipo akanieleza kwamba kila seli ya mmea imejijengea ukuta mgumu nje ya utando wake, na mmea ukifa, kuta hubaki. Unachokiona shambani ni nyumba tupu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mnyama hana kuta hizo. Seli yake ina utando peke yake, laini, na huo utando kazi yake ni kuchagua: kipi kiingie, kipi kitoke, kipi kisubiri nje. Mnyama akifa, utando nao huacha kuchagua, na vya ndani vinamwagika.

Halafu akanipa sheria yake. Alisema kioo cha mmea nikiweke hata miaka kumi nikitaka. Cha mtu, kipindi kikiisha, nikioshe siku hiyohiyo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Osha tu." Mimi nikajua mzee anabania vioo, kwa sababu wakati ule vioo vilikuwa adimu, na nikaidharau sheria yake.

Sasa niwaeleze kuhusu kioo cha mtu, maana nyinyi leo hamruhusiwi kukitengeneza ovyo, na ni vizuri. Zamani zetu mwanafunzi alichukua kijiti safi cha meno, akakwangua taratibu upande wa ndani wa shavu lake, akapaka ule ute kwenye kioo. Unauacha ukauke. Unapitisha kioo juu ya taa ya spiriti mara tatu, haraka, ili seli zishike. Unadondosha bluu ya methilini, unahesabu mpaka mia moja, unasuuza. Hapo chini ya lenzi utaziona: bapa, zimetawanyika, kila moja na kiini chake katikati, kama mayai ya kukaanga yaliyotiwa wino. Saitoplazimu ni ule ute wa rangi hafifu ambamo kazi zote za seli hufanyika. Kiini ndicho chenye maelekezo yote ya mtu: urefu wake, pua yake, sauti yake. Nusu huyapata kwa baba, nusu kwa mama. Na kuna vitu vingine vidogo mno, hadubini yetu ilikuwa haivifikii, vinaitwa mitokondria, ndivyo vinavyoipa seli nguvu. Hivyo havitoki pande mbili. Vyote mtu huvipata kwa mama yake.

Mimi nikaongeza la kwangu. Nikagundua kwamba ukizungushia kingo rangi ya kucha isiyo na rangi, kioo kinakaa miaka. Nilijivuna sana kwa ugunduzi huo. Darasa moja la kidato cha pili lilikuwa na wanafunzi arobaini, nikawafungia vioo vyote arobaini, nikavibandika majina, nikavipanga kwenye kisanduku cha mbao. Tundu la arobaini na moja nikaweka cha kwangu mwenyewe, kwa sababu siku zote nilijaribia rangi kwenye shavu langu, la kushoto, kabla ya kuwapa watoto.

Veronika alikuwa namba kumi na saba. Alitoka Masakta, kwa watu wa mahindi na mbaazi, binti mrefu aliyependa kuuliza wakati wengine wameshachoka. Alipomaliza kuangalia kioo chake akaniuliza kama seli zile zinajua kwamba zimetolewa kwake. Nilikuwa na mabomba mawili yanayovuja na sikuwa na subira. Nikamwambia zimekufa, umezipitisha kwenye moto mwenyewe.

"Zimekufa lini, Mwalimu?"

"Sasa hivi."

Akashika shavu lake. "Mimi sikusikia kitu," akasema.

Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Miezi michache baadaye, likizo ya kuingia kidato cha tatu, Veronika aliugua siku nne akafa. Shule ilikwenda Masakta kwa lori kumzika. Niliporudi nilifungua kisanduku, nikachukua kioo chake, nikafungua bomba. Nilikiweka chini ya maji na nikakitoa. Nilijiambia ni huruma. Ilikuwa huruma, lakini haikuwa huruma peke yake. Kile kioo kilikuwa bora kuliko vyote nilivyowahi kufunga, na nilikipenda. Nawaambia wazi kwa sababu hapo ndipo ilipoanzia.

Kwa miaka sita, kila darasa lililosoma seli ya mnyama katika shule ile lilimsoma Veronika. Waliochora vizuri na waliochora vibaya, wote walimchora yeye. Nikikaa Katesh siku ya mnada na kuona vijana wanapita, nilikuwa najua kwamba nyumbani kwa kila mmoja wao, kwenye sanduku la madaftari ya zamani, yumo. Mwanzoni wazo hilo lilinifurahisha. Baadaye likaanza kunipa baridi mgongoni, na sikujua tofauti imeingia lini.

Kisha akaja mdogo wake, Elizabeti. Nilikuwa nagawa vioo nikitazama mlango, kuna mtu alikuwa ananiita nje. Niliporudi, mtoto alikuwa ameweka penseli chini. Alikuwa anasoma kibandiko.

"Mwalimu, huyu ni dada?"

Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini sikudanganya siku hiyo, ambapo uongo ungesaidia. Elizabeti hakulia. Alichora seli zile mbili za kwenye kona kwa makini kuliko mtu yeyote kabla yake, akaandika sehemu zote, na juu ya ukurasa akaandika jina la dada yake badala ya kichwa cha habari. Ijumaa akaondoka na daftari kwenda nyumbani. Jumatatu hakurudi.

Jumanne alikuja mama yao. Niwaeleze kidogo hapa, kwa sababu wengi wenu mmezaliwa mjini. Sisi Wairaqw zamani nyumba ikifiwa na mtoto ilijitenga. Hawakuteka maji walipoteka wengine, hawakuomba moto kwa jirani, hawakuvuka kizingiti cha mtu, mpaka wazee waseme imetosha. Tunaita metimani. Nimeikuta kwa bibi yangu nikiwa mdogo, tukimwachia chakula kwenye jiwe la njiapanda. Siku hizi tunasali na wengi wameiacha, lakini kuna nyumba ambazo wazee bado wana sauti. Nyumba ya kina Veronika ilikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa imeshatolewa kwenye kilio miaka mitano nyuma. Wazee walipoliona daftari wakauliza maswali, na walipojibiwa wakasema hawakumzika mtoto mzima. Kwa hiyo kilio hakijaisha, nyumba irudi ndani, na Elizabeti asikae dawati moja na watoto wa watu.

Mama Veronika alinisalimu shikamoo, akakaa pembeni ya kiti kama mgeni wa ofisi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mikono imekauka kwa jembe. Hakunilaumu. Alisema neno moja tu.

"Mama Tekla, nimekuja kumchukua mtoto aliyebaki huku, ili aliye hai arudi shule."

Nikamweleza kwamba kilichopo ni ute tu, mdogo kuliko punje ya mtama. Akaniuliza ndani yake kuna nini. Nikamwambia habari za kiini, na za mitokondria, kwamba hivyo vyote vilitoka kwake yeye. Akasema basi nimwonyeshe.

Niliweka kioo, nikarekebisha lenzi, nikamwachia kiti. Kulikuwa na jua kali na dirisha lilikuwa wazi. Aliinama akakaa hivyo muda mrefu mno, mpaka nikasikia mbuzi wa jirani wa shule anavyotafuna majani ukutani.

"Kuna jicho," alisema bila kuinua kichwa.

"Ni lako, mama. Dirisha liko nyuma yako, linarudisha."

"Jicho langu nalijua," akasema. Kisha akainuka, akafuta uso kwa pindo la kitenge, na akauliza aje lini kumchukua.

Nilimwambia Ijumaa. Nilisema lazima mkuu wa shule aidhinishe, na huo ulikuwa uongo wa kwanza, kwa sababu mkuu wa shule hakujua hata kisanduku kile kipo. Nilitaka muda. Mtihani wa vitendo ulikuwa karibu na sikuwa na kioo kingine cha kufaa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba nilishindwa kuachana nacho, kama mtu anavyoshindwa kuachana na mbuzi wa kuazima aliyezaa kwake.

Alhamisi mchana, wanafunzi wakiwa kwenye michezo, nilichemsha maji, nikakishika kioo cha Veronika juu ya mvuke, nikabandua jina lake. Nikachukua kioo cha tundu la arobaini na moja, chenye seli za shavu langu, nikalibandika jina hilo juu yake. Chake, bila jina, nikakitia kwenye tundu langu. Kazi ya dakika tano. Nilipomaliza nilinawa mikono mara mbili.

Ijumaa ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye paa za madarasa. Mama Veronika alifika umande ukiwa bado haujakauka. Nilidhani atachukua na kwenda zake, lakini akaomba kuangalia tena. Akaangalia. Safari hii hakukaa muda. Alinyanyuka, akanitazama usoni, na mimi nikajifanya natafuta kitambaa cha kufungia. Akasema, "Asante, Mama Tekla," akakifunga kioo kwenye pindo la kitenge na kukaza fundo.

Nilikwenda kuzika, ningekwepaje? Kaburi la Veronika liko nyuma ya nyumba, mbele ya mbaazi. Walifukua kidogo upande wa kichwani, shimo la kutosha chungu kidogo. Katekista akasali, akataja jina la Veronika, na wazee wakafanya ya kwao. Kioo kilifungwa kitambaa cheupe. Nilisimama nikaona udongo unaniangukia. Sijui kusema vinginevyo. Kila mara watu walipojibu sala, nilitaka kusema siyo yeye, ni mimi, na ulimi haukunyanyuka. Nikahisi baridi ndani ya shavu la kushoto, kama mtu aliyenyonya barafu. Nikadhani ni upepo.

Vijana, mpaka leo shavu hilo halisikii. Nimewahi kuling'ata nikameza damu bila kujua. Daktari wa meno alipiga picha hakuona kitu. Chai ikiwa ya moto upande wa kulia naungua, upande wa kushoto nakunywa tu.

Uongo wangu ulifanya kazi vizuri sana, na hiyo ndiyo sehemu mbaya. Wazee wakaitoa nyumba kwenye kilio. Jumatatu Elizabeti alikuwa darasani. Mama yake akawa ananiletea maharage kila mavuno na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na mimi nikayapokea. Nilikuwa nakula upande wa kulia.

Na kile kioo kisicho na jina kikaendelea kufundisha. Lakini kuanzia mwaka ule, kila darasa, mwanafunzi mmoja alichora jicho. Hakuwa yuleyule, na hakuna aliyewasimulia. Nilihamisha meza nikaiweka dirisha likiwa mbele yao. Akatokea mmoja akachora jicho. Nilifunga mapazia tukatumia taa. Binti mmoja wa kutoka Dirma, mtoto wa wafugaji, mkimya kabisa, akaleta daftari lake nikamwuliza kile alichochora kwenye kona ni nini. Akasema seli imefumbua. Nilimpa alama zake, nikaenda kukaa nje kwenye ngazi mpaka kengele ikalia. Nilijua maelezo ya Mzee Lohay kuhusu lenzi, na niliyarudia kichwani neno kwa neno, na niliogopa vilevile.

Mtaniuliza kwa nini sikukiosha. Kukiosha kungekuwa kummwaga kwenye sinki. Kumzika pale nilipomnyima haki yake kungekuwa kukiri. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho waoga hufanya: nikastaafu, nikakiacha kwenye kisanduku.

Hayo ndiyo niliyoyakumbuka nikiwa na picha ya Neema mkononi. Nilipanda bodaboda mpaka shuleni. Neema akanipa kioo bila kuuliza, nadhani uso wangu ulimtosha. Nikakifunga kwenye leso, na yule kijana wa bodaboda akaniendesha mpaka Masakta. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Niliyapanga kwa Kiswahili, nikayapanga kwa Kiiraqw, yote yakaniishia nilipoiona nyumba.

Mama Veronika amezeeka. Elizabeti anasomea uuguzi, yuko mbali. Mama alinitolea kigoda nje ya mlango akaniletea uji, na mimi nikasema yote kabla sijaonja, tangu mvuke na kibandiko mpaka shimo la upande wa kichwani. Nililia. Nilikuwa mtu mzima wa kustaafu nalia mbele ya mwanamke ambaye ndiye aliyepaswa kulia. Nikaweka leso mapajani mwake.

Hakuifungua. Aliiwekea kiganja juu yake, akakaa.

"Nilijua," alisema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Siku ya kwanza alinitazama. Ile Ijumaa mle ndani hakukuwa na mtu wangu. Kulikuwa na mtu, lakini si wangu. Halafu nikakuona unavyotafuta kitambaa kilichokuwa mkononi mwako."

"Sasa kwa nini ulikizika, mama?"

Kuku walikuwa wanachakura karibu na miguu yetu, akawafukuza kwanza.

"Wazee walitaka kitu kiingie ardhini ili Elizabeti arudi shule. Kikaingia, akarudi. Na Veronika, Mama Tekla, alikuwa hajamaliza kidato cha nne. Zile siku nne zote alikuwa ananiuliza shule inafunguliwa lini. Nikaona kumbe bado yuko darasani. Nikasema acha akae, amalize."

Akaniuliza amekaa madarasa mangapi. Nikahesabu kwa vidole, nikamwambia yalikuwa mengi, zaidi ya kumi. Akaniuliza kama alifanya vizuri. Nikamwambia ukweli, kwamba katika miaka yangu yote hakuna aliyefundisha watoto seli ya mnyama vizuri kama yeye.

"Basi inatosha," akasema. "Sasa arudi nyumbani."

Tulimzika wenyewe wawili, mchana ule ule, kwa jembe dogo la palizi. Hatukumwita katekista wala wazee. Mama Veronika alisali kwa maneno yake, kwa Kiiraqw, kama mtu anayempokea mtoto kutoka bweni: umefika, vua viatu, kaa. Tulipofukua tulikikuta kitambaa cheupe cha zamani kimeoza, na kioo kile cha kwanza, changu, kinang'aa kwenye udongo, hakijapata hata mkwaruzo. Nikaunyoosha mkono kukitoa. Akanishika kifundo.

"Hicho kiache. Wewe tulishakuombea, tulishakuzika, kila kitu kiliisha. Ukitoa tutaanza upya."

Alisema bila kutabasamu, na sijui mpaka leo kama alikuwa ananitania. Tukaviweka pamoja, tukafukia. Tuliporudi tulikunywa uji uliokuwa umepoa. Nilijaribu upande wa kushoto. Hakuna kitu.

Kwa hiyo Neema, hilo ndilo jibu lako, na wenzako walisome. Mimi nipo hai, napukuchua mahindi, na sehemu yangu moja iko Masakta mbele ya mbaazi na jina la mtu mwingine juu yake. Siku nikifa msihangaike sana na mahali pa kunilaza, maana kazi imeshaanzwa. Vile vioo vingine vyenye majina, watafute wenyewe, wengi wao bado wako hai, mpe kila mmoja chake akafanye anavyotaka. Tundu la arobaini na moja sasa liko wazi, na najua wewe hupendi kuona tundu tupu, kama mimi.

Weka kitunguu. Gamba nono, livunje taratibu, shusha kioo cha juu kwa mshazari. Kuta zake zitasimama miaka na hakuna mtu ndani. Na siku mwalimu akikuomba seli ya shavu kwa ajili ya kipindi, mtengenezee, waangalie, wachore, halafu kabla hujafunga mlango wa maabara, osha. Wakikuuliza kwa nini, waambie osha tu.